Kioo cha Watu Wawili

Karakana ile ilikuwa na mlango mmoja wenye mbao mbili, na kila ubao ulikuwa na mwenyewe. Ubao wa kulia ulikuwa wa kaka, wa kushoto wa mdogo wake, na kwa kuwa watu wa mtaa ule hawana dogo, waliwabatiza hivyo hivyo: Kulia na Kushoto. Majina waliyopewa na wazazi yakabaki kwenye vitambulisho. Hata mtoto akitumwa kupeleka redio mbovu aliambiwa, "Mpelekee Kushoto. Ukikuta kafunga rudi nayo, usimwachie Kulia, atakuuliza nani aliiangusha."

Ndani, ukuta wa mbao nyembamba ulikata chumba vipande viwili, kuanzia kizingitini hadi dirisha la nyuma. Aliyeupigilia misumari ni Kushoto, kwa mikono yake mwenyewe, siku chache tu baada ya msiba wa mama yao. Alipigilia huku machozi yanamtoka, na misumari iliyopinda akaiacha imepinda, mpaka leo inanasa mashati ya wateja. Kulia alikuwa amekaa mezani kwake upande wa pili, anasikiliza nyundo. Hakusema acha, wala hakusema endelea. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawakusemeshana. Binti wa Kushoto wakati huo alikuwa anatambaa. Sasa ana vidole vya wino na anabishana na walimu.

Usidhani kwamba walikwepana. Wangekwepana vipi? Mbao mbili za mlango zilifungwa kwa kufuli moja, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wake. Atakayewahi asubuhi anafungua, atakayechelewa jioni anafunga. Jioni utamwona mmoja amemaliza kazi zamani, anapanga na kupangua bisibisi, kwa sababu anaona aibu kumwacha mwenzake afunge peke yake, na anaona aibu zaidi kusema kwamba anaona aibu. Majirani walishazoea. Waliowahi kujaribu kusuluhisha walirudi mikono mitupu, wakajifariji kwa ule msemo kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Basi mtaa mzima ukaenda kulima.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo ugomvi haukuweza kulitenganisha, nalo ni kioo.

Kulia alikuwa fundi wa skrini. Mtu analeta skrini ya kompyuta, anaiweka mezani na kusema imekufa. Kulia hakuwa mtu wa kuamini vifo vya haraka. Anaichomeka, anafunga dirisha, anachukua tochi yake na kuimulika skrini nyeusi kwa pembeni, karibu kabisa, kama mtu anayechungulia kisima. Na pale, kwa mbali, picha inaonekana: ikoni zimejipanga, saa inakwenda, barua ya mtu imeishia katikati ya neno.

"Haijafa," anasema. "Picha ipo. Taa za nyuma ndizo zimekwenda."

Hapo humweleza mteja, atake asitake, kwamba nyuma ya kioo kuna ukanda mwembamba wenye taa ndogo ndogo zilizoshikana mikono, na moja ikiungua wenzake wote wanagoma. Kuufikia ukanda huo si kazi ya pupa. Unatoa fremu, unafungua skrubu, halafu unanyanyua kioo chenyewe, ambacho ni chembamba na kimening'iniza nyaya bapa ukingoni. Ukikipinda kidogo tu, kwaheri. Chini yake ndipo utakuta zile karatasi nyeupe za plastiki zinazotawanya mwanga, kila moja na zamu yake, kila moja na uso wake wa juu na wa chini.

Baba yao, aliyekuwa fundi wa televisheni zile nene zenye kitambi, aliwahi kuvunja kioo cha mteja kwa kiburi cha kunyanyua peke yake. Aliilipia aibu ile kwa kutunga sheria: kioo hakinyanyuliwi na mtu mmoja, kiwe kikubwa, kiwe kidogo. Kulia naye akaongeza sheria yake: karatasi haiguswi kwa kidole. "Shika ukingo," alikuwa akimwambia mdogo wake wakati wanajifunza, na kumgonga kwa mpini wa bisibisi kwenye vifundo. "Alama ya kidole chini ni doa juu, na doa haliondoki mpaka uifungue upya kazi nzima."

Kwa hiyo hata baada ya ukuta kusimama, Kulia akifika kwenye kioo aliugonga ukuta kwa mpini wa bisibisi. Kushoto huacha alichonacho, anafuta mikono, anatoka kwa ubao wake na kuingia kwa ubao wa kaka yake. Kila mmoja anashika pembe zake mbili. Zamani Kulia alikuwa akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ndipo wanyanyue. Sasa walisomana pumzi. Kioo kinapanda, kinalazwa juu ya shuka safi, Kushoto anageuka na kutoka, na ubao wa mlango unalia nyuma yake. Wateja waliobahatika kuona tukio hilo walikuwa wakitikisa vichwa. Wagomvi gani hawa?

Na ugomvi wenyewe ulikuwa huu.

Kushoto alikuwa amesafiri mbali kununua vipuri. Mama alikuwa na homa zake za kawaida, alimsindikiza mpaka mlangoni na kumkumbusha sweta. Akiwa huko akapigiwa simu kwamba mama amefariki alfajiri. Akapanda gari la kwanza aliloliona, gari likafia njiani, akasimama kando ya barabara na mzigo wake wa vipuri akampigia kaka yake: "Kaka, nisubirini. Kesho asubuhi nitakuwa nimefika." Kulia akajibu, "Sawa." Ni neno hilo moja, na Kushoto alilishika kama mtu anavyoshika kamba. Asubuhi alipofika alikuta udongo mbichi na watu wanapanga viti virudishwe. Walikuwa wamemzika mama jioni iliyopita.

"Kwa nini hukunisubiri?" alimwuliza kaka yake mbele za watu.

Kulia alitazama chini. "Yamekwisha," akasema.

Basi Kushoto akaapa moyoni kwamba hatatamka neno kwa mtu yule mpaka atakapolijibu swali lile. Watu huapa mambo mengi wakiwa na uchungu na kuyasahau wakishiba. Yeye hakusahau. Aliuona ule ukimya kuwa ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kumfanyia mama yake, kwa kuwa kumzika hakupata.

Mkewe hakukubaliana na upuuzi huo hata siku moja. "Mimi sikugombana na mtu," alisema, na kila asubuhi alileta chai kwa birika moja, akamimina upande wa kushoto, akatoka, akamimina upande wa kulia. Kulia hakuwa na mke wa kumtazama; wake alirudi kwao zamani, na nyumbani kwake alikuwa akijibizana na redio. Ndiyo maana mwanamke huyu wa birika alikuwa wa kwanza kuona.

"Shemeji leo nimempa kikombe, mkono wake umepita pembeni," alimwambia mumewe.

"Alikuwa anafikiria kazi."

"Na jana nilisimama mbele yake, akaniuliza nani. Nilipocheka ndipo akasema, ah, shemeji."

"Amezeeka."

"Amezeeka! Kakupita miaka mitatu. Nawe umezeeka?"

Kushoto akainamia redio aliyokuwa akiitengeneza. Hakupenda mazungumzo hayo. Ukiwa umemkasirikia mtu kwa miaka mingi, habari za udhaifu wake zinakusumbua. Unataka abaki mzima ili hasira yako ipate mahali pa kuegemea.

Kisha akaja Mama Chapa. Huyu alikuwa na kibanda kando ya barabara, anachapa barua za watu za kuomba kazi, kadi za harusi na matangazo ya misiba, na skrini yake alikuwa ameibandika ua la njano pembeni ili isibadilishwe. Taa za nyuma zilimfia, akaileta kwa Kulia, ikawaka. Sasa aliingia upande wa kushoto, akavuta kigoda bila kukaribishwa na kushusha sauti, kwa sababu ukuta ule haukuwa na siri.

"Nakuja kwako kwa sababu kule siwezi kusema. Kaka yako namheshimu."

"Kuna nini?"

"Inawaka, sisemi haiwaki. Ila ina doa. Katikati ya ukurasa kabisa! Kila mteja ananiambia, mama, futa hapo. Nafuta nini? Nikamrudishia, akaifungua, akaifunga. Imerudi na madoa mawili."

"Mrudishie tena."

"Ndiyo nimetoka kumwachia sasa hivi. Lakini sikiliza, baba. Ikitoka na doa safari hii naipeleka mjini, na nikiipeleka mjini mtaa mzima utajua Kulia amekwisha. Sipendi. Lakini wanangu hawali heshima. Mwambie ndugu yako awe makini."

"Hatusemeshani."

Mama Chapa alimtazama, akasonya msonyo mrefu. "Basi ninyi endeleeni kunyamaza, mimi nisome madoa."

Alipoondoka, Kushoto alihisi kitu kama furaha, na kwa kuwa tunasimulia ukweli, tusimfichie. Kazi ya Kulia imerudi! Kulia yule aliyemgonga vifundo kwa ajili ya alama moja ya kidole! Furaha hiyo ilidumu kiasi cha mtu kumeza mate. Nyuma yake ikaja aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu ambayo hakuipatia jina.

Mchana ule ule ukuta uligongwa.

Akatoka kwa ubao wake, akaingia kwa wa kaka yake. Skrini yenye ua la njano ilikuwa mezani, fremu imetolewa. Kulia alikuwa amesimama upande wake, viganja tayari. Wakashika, wakasomana pumzi, kioo kikapanda na kulazwa kwenye shuka. Kushoto akatupa jicho chini, kwa mazoea tu, kama fundi yeyote anavyotazama kazi ya mwenzake.

Karatasi nyeupe ilikuwa imejaa vidole.

Hazikuwa alama moja mbili za bahati mbaya. Zilizunguka ukingo, zikapita katikati, zikarudi, kama za mtu aliyepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Na nyingi zilikuwa za dole gumba lenye mstari uliokatiza. Kushoto aliujua mstari ule. Wakati wa ujana wao pasi ya kulehemu iliteleza mezani, Kulia akaidaka kabla haijamwangukia mdogo wake mapajani, na dole gumba lake likabaki na kovu la kukingama. Sasa kovu lile lilikuwa limepigwa chapa kila mahali kwenye karatasi ya Mama Chapa.

Kwa desturi hapo alipaswa kuondoka. Akaenda hadi mlangoni, akausukuma ubao, ubao ukalia kama unavyolia siku zote. Lakini miguu haikutoka. Alisimama pale pale, mgongo kwenye mlango, akamtazama kaka yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi bila kuogopa kutazamwa.

Kulia alisubiri kidogo, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Aliporidhika kwamba yuko peke yake, uso wake ulibadilika. Ule ukali wa fundi ukashuka, akabaki mtu mwenye wasiwasi. Mkono wake ukaanza kutembea mezani kutafuta bisibisi iliyokuwa wazi mbele yake. Ukagusa kopo la skrubu, ukagusa tochi, ukarudi, ukaipata. Akafungua alichotaka kufungua, kisha akatoa karatasi ya juu, ya pili, ya tatu, na kila moja alipitisha dole gumba juu yake kutafuta upande wenye ukwaru na upande laini. Ya tatu ilimshinda. Akaiinua mpaka usoni, akaipitisha kwenye shavu lake taratibu, akafumba macho kama anaisikiliza. Halafu akaitandika kinyume.

Kushoto aliona. Upande unaong'aa ulikuwa juu. Kioo kikifunikwa hivyo, skrini itawaka na mawingu kila mahali, Mama Chapa ataibeba kwenda mjini, na hadi kesho kutwa kila mtu atakuwa anajua. Na Kulia angekaa hapa, na mikono yake na tochi yake, anangoja wateja wasiokuja, asijue hata walianza kupungua lini. Upande wa pili ulikuwa ule ukimya, alioulinda kwa miaka kama kaburi. Swali halikuwa limejibiwa. Kaka hakuwa amesema kwa nini. Kulia aliinyoosha karatasi kwa viganja vyake viwili, akainamia ukanda wa taa kuugusa kama umekaa sawa, na mdogo wake akaona nywele zake za utosini zimekuwa nyeupe na hakuna aliyemwambia azinyoe vizuri.

"Kaka," akasema. "Geuza hiyo. Inayong'aa iwe chini."

Mikono ya Kulia ilisimama. Hakugeukia mlangoni. Aligeukia ukuta wa mbao, kwa kuwa miaka yote mdogo wake alikuwa upande ule.

"Uko wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Nimesikia umetoka."

"Mlango ndio umelia. Mimi sikutoka."

Kulia alikaa kwenye kiti chake polepole, akakipapasa kwanza. "Basi umeona."

"Nimeona. Imeanza lini?"

"Jicho la kushoto lilitangulia," Kulia akasema. "Nikasema moyoni, cha kushoto huwa hakikai na mimi." Alitaka kucheka, kicheko hakikufika. "Halafu na la kulia likafuata. Mwanga nauona. Mtu namwona kama kivuli. Pembeni palitangulia kwenda, sasa na kilicho katikati sikioni, na kazi yote iko katikati."

"Umekwenda hospitali?"

"Nilikwenda. Presha ya macho. Daktari kasema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kuna matone ya kukilinda."

"Na unatia?"

"Natia. Mengine yanaingia sikioni."

"Kwa nini hukuniambia, kaka?"

"Ningekwambia vipi? Kwa kugonga ukuta?"

Kushoto aliuacha mlango. Alinawa mikono kwenye beseni lililokuwa kwenye kona, akaikausha vizuri, akaja mezani. Alitoa karatasi zote, akazishika ukingo, akaanza kuzifuta moja moja kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Alama ziliondoka kwa shida. Kisha akatazama ukanda wa taa aliouweka Kulia. Taa moja ilikuwa imekaa upande na risasi ya kulehemu imemwagika pembeni yake. Ilikuwa inawaka, lakini isingefika mbali. Akaomba pasi ya kulehemu. Kulia akaipapasa, akampa kwa upande wa mpini.

"Usiikalie sana," Kulia akasema. "Gusa, toa. Ikipata moto mwingi inageuka njano."

"Najua."

"Najua unajua. Nasema tu."

Walifanya kazi hivyo kwa muda, mmoja macho, mmoja maelekezo, na sauti zao zilikuwa za chini, zimepata kutu. Nje mtu aliyekuja kuulizia redio yake aliwasikia wakizungumza, akaondoka kimya kimya bila redio.

Kushoto hakuuliza lile swali. Lilikuwa limemfika kooni, lakini aliona si haki kumwuliza mtu ambaye ametoka tu kuvuliwa nguo. Ni Kulia mwenyewe aliyeanza, mikono yake magotini.

"Siku ile uliniambia nikusubiri. Nikasema sawa."

Kushoto aliendelea kufuta karatasi ileile aliyokwisha kuifuta.

"Watu walikuwa tayari kusubiri. Nisikudanganye kwamba walinilazimisha. Ni mimi." Alivuta pumzi. "Nilikaa naye tangu alfajiri. Kila anayeingia ananishika bega, wewe ndiye mkubwa, jikaze. Nikajikaza. Mwingine akaingia, jikaze. Jioni ilipoanza kuingia nikaona nitakesha naye nimejikaza vile vile mpaka asubuhi. Nikashindwa. Niliogopa, mdogo wangu. Nilitaka wamchukue ili nami nipate mahali pa kulia. Nikasema tuzike. Halafu ukaja ukaniuliza mbele za watu. Ningekujibu nini? Kwamba kaka yako mkubwa aliogopa kukaa na mama yake?"

Kwa miaka yote ile Kushoto alikuwa ameandaa majibu. Alikuwa na jibu la kaka akisema wazee waliamua, jibu la kaka akisema hali ya hewa, jibu kali kuliko yote la kaka akisema nilidhani hutafika. La kaka kuogopa hakuwa nalo. Alimwona yule mtu mzima amekaa kwenye kile chumba, mabega yake yanapigwapigwa na kila mpita njia, na hakuna hata mmoja aliyemwambia lia. Moyo ulimuuma kwa mama na ukamuuma kwa kaka, na hakuweza tena kutenganisha maumivu hayo mawili. Akalia. Alilia kwa sauti, ameshika karatasi ukingoni kama alivyofundishwa.

"Usidondoshee machozi kwenye karatasi," Kulia akasema, na sauti yake nayo ilikuwa imelowa. "Machozi nayo yana doa."

"Nilitaka kumwona, kaka."

"Najua."

"Sikumwona."

"Najua. Hilo siwezi kulitengeneza."

Haikuwa zaidi ya hapo. Kama ulitazamia wakumbatiane, hawakukumbatiana; meza ilikuwa katikati yao na kioo kilikuwa kinangoja. Kushoto alipanga karatasi kwa zamu zake, kila moja uso wake, akapuliza vumbi kwa mpira wa kupulizia. Kulia akasimama, akatafuta pembe zake mbili kwa ncha za vidole. Walipokuwa tayari, kaka alifungua mdomo.

"Moja," akasema. "Mbili." Sauti ikamkatikia.

"Tatu," akasema Kushoto, na kioo kikapanda.

Walirudisha nyaya, wakabana fremu, wakaichomeka. Skrini ikawaka nyeupe, nyeupe kama shuka iliyoanikwa, na mwanga ukawapiga wote wawili usoni. Kulia aliugeuzia uso, akautazama bila kupepesa. Ua la njano lilikuwa pembeni. Kushoto akakagua kutoka juu kushuka chini, kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa.

Chini kabisa, karibu na pembe, kulikuwa na doa. Lilikuwa dogo, la dole gumba, lenye mstari uliokatiza. Katika karatasi zote alizofuta alikuwa ameiruka alama moja, na alama hiyo ilikuwa ya kaka yake.

"Unaonaje?" Kulia akauliza.

Angeweza kusema safi. Mama Chapa pengine asingeiona pembe ile mpaka mwisho wa mwaka. Lakini Kulia alikuwa amesimama ameinua uso, anangoja kuambiwa, na kuanzia leo kila atakachojua kuhusu kazi yake atakijua kwa kuambiwa na huyu.

"Lipo moja," Kushoto akasema. "Chini pembeni."

Dole gumba la Kulia likaanza kusugua kidole cha pili, taratibu, pale penye kovu.

"La nani?"

"Langu, kaka."

"Lako."

"Langu. Nilishika vibaya wakati nalia."

Kulia aliendelea kusugua dole gumba. Kisha akatikisa kichwa. "Tangu utotoni nakwambia ushike ukingo."

"Nilisahau."

"Basi tufungue tena. Kazi haitoki hapa na doa." Akavuta kiti chake, akakaa. "Nenda kanawe mikono vizuri, na maji ya bombani, si haya ya beseni. Nakusubiri."

Kushoto akatoka nje kwa ubao wa kulia. Bomba lilikuwa upande wa pili wa uwanja, na palikuwa na foleni ya ndoo. Akaomba apishwe, akapishwa, maana watu walimwona macho yake. Alinawa haraka haraka kama mtu anayewahi gari, akarudi na mikono inachuruzika maji. Kulia alikuwa amekaa vile vile, viganja juu ya magoti, uso umeelekea mlangoni. Hakuwa amegusa kitu.